Kadi ya Cherehani

9 Februari

Mdogo wangu,

Huku tu wazima, na tunaomba nawe uwe mzima huko uliko, mikono isikupasuke kwa hizo sabuni ulizonisimulia. Baba anakusalimu. Magoti yake bado yanamsumbua, ngazi za mlangoni anazishuka kinyumenyume akishika ukuta, na ukimsaidia anakasirika. Bomba la uani limetengenezwa. Mimi nipo palepale masjala ya kliniki ya watoto, mafaili yamenifika kooni, na daktari wetu bado anaamini faili likipotea nimelificha kwa makusudi.

Sasa ya mwanao. Kwenye simu siwezi kukwambia lolote la maana, kwa sababu Jumapili ukipiga anajipenyeza chini ya meza, masikio yote kwetu. Tukubaliane basi: simu iwe ya salamu, mambo yake yeye yaje kwa barua, hata kama barua inachukua wiki tatu.

Jirani tuliyepanga amshike mchana amehama. Wewe umeondoka tarehe kumi na mbili Januari, yeye kahama tarehe kumi na tano, kaenda kwa binti yake aliyejifungua. Siku mbili nilichanganyikiwa. Kazini siwezi kwenda naye na Baba hawezi kumkimbiza. Lakini usiweke roho juu, nimepata njia. Shule ya awali ile iliyo nyuma ya kituo cha zimamoto imempokea. Kaptula ya sare inamfika chini ya magoti, na ndiyo ndogo kuliko zote walizokuwa nazo.

Tumempa jina jipya, Cherehani. Akikaa mezani miguu yake chini haikomi, inapiga na kupiga, mpaka kikombe cha Baba kinatembea. Baba ndiye aliyeanza kumwita hivyo, na mwenyewe anajivunia. Jana alimwambia mwenye duka kwamba Cherehani ndilo jina lake la shule.

Usilielie huko. Kula.

Dada yako

6 Machi

Dada,

Shikamoo, na Baba mpe shikamoo yangu, umwambie nimemnunulia soksi nzito, nitazituma nikipata mtu. Mimi sijambo. Mikono imeshapasuka na imeshapona, sasa ina ngozi mpya ya kazi. Kwenye nyumba hii ya kutunzia wazee nina kumi na sita kwenye korido yangu. Nawaosha, nawalisha, nawabadilisha mashuka, nawasikiliza. Yupo mmoja tunamwita Mkaguzi. Kutwa nzima anatembea korido hii akijaribu vitasa vya milango, kimoja baada ya kingine. Hakai. Hata akila anakula amesimama, nami namfuata na bakuli. Wenzangu anawachosha. Mimi namwangalia namkumbuka mwanangu, halafu najificha chumba cha mashuka kidogo, kisha natoka.

Ya shule nimeisoma mara tatu. Nashukuru, Dada, sijui ningefanyaje bila wewe. Ila nilidhani shule ile inapokea waliotimiza miaka mitano. Jumapili ile nyingine Cherehani wako aliniambia kwenye simu, kwa sauti ya kukariri, "Nina miaka mitano." Nikacheka, nikamwambia punguza bwana, wewe una minne. Nikasikia sauti yako kwa nyuma, halafu simu ikakatika.

Wana darasa la wadogo hapo siku hizi? Yupo darasa gani?

Mbusu kwenye kisogo, hapo anapotekenyeka.

Mdogo wako

18 Mei

Mdogo wangu,

Najua nimechelewa. Barua yako ilifika mwezi Machi, na hii ni katikati ya Mei, hata aibu sina. Baba alishikwa na mafua yakamkalia kifuani wiki mbili. Amepona, na amepona na hasira zake zote. Kazini masjala imehamishiwa chumba cha nyuma, kwa hiyo nilibeba mafaili ya watoto wa mtaa mzima kwa mikono yangu miwili. Soksi zimefika. Anazivaa hata kwenye jua.

Mwalimu wake aliniita. Ni mama mtu mzima, sauti imemkauka, ana watoto hamsini na wawili kwenye chumba kimoja. Sikumwona kama mtu mbaya. Alinionyesha daftari. Wenzake wanaandika herufi mpaka mwisho wa mstari. Yeye anaandika moja, anaenda kuchungulia ya mwenzake, akirudi hakumbuki penseli kaiacha wapi. Gari la zimamoto likipiga king'ora, yeye keshapanda juu ya benchi. Akiulizwa swali anajibu kabla halijaisha, na anajibu la jana. Wiki iliyopita alitoka bila ruhusa akafungua bomba, akawa anaangalia tu maji yanavyokwenda. Nilipomuuliza kwa nini hakai kama wenzake, alinijibu kwa upole kabisa: "Mama Mkubwa, makalio yangu yanachoka."

Nilicheka njiani peke yangu, halafu kicheko kikaniishia.

Jambo lenyewe ni hili. Daktari wetu wa watoto ameanza kupeleka fomu kwenye shule za awali. Mwalimu anaweka alama: mtoto huyu anasimama wakati wenzake wamekaa, mtoto huyu hamalizi alichoanza, huyu anakatiza wengine. Wanaopata alama nyingi wanaitwa kliniki. Cherehani amepata nyingi kuliko wote darasani. Mwalimu akaniambia, "Wavulana ndivyo walivyo, na zaidi hawa wasiokaa na mama zao." Nilimuaga nikaondoka.

Tumepewa siku mwezi wa saba. Usijilaumu kabla hujajua cha kujilaumia.

Dada yako

14 Juni

Dada,

Shikamoo. Baba aache kuvaa soksi juani, atatoka vipele. Huku mzee mmoja wa korido yangu ametutoka, bibi aliyekuwa ananiita kwa jina la dada yake. Tumemuosha wawili, mimi na mlinzi wa zamu kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine. Mkaguzi alikuja akajaribu kitasa cha chumba chake, akakuta kimefungwa, akasimama. Ni mara ya kwanza nimemwona amesimama.

Barua yako imenichoma. "Wasiokaa na mama zao." Nimebeba maneno hayo wiki nzima, nakwangua masufuria nayo, natandika vitanda nayo. Niambie ukweli. Analala? Anakula? Unampiga? Usikasirike, Dada, nakuuliza kwa sababu nakujua, mkono wako mwepesi, mimi mwenyewe niliuonja. Anamtaja mama yake? Alikuwa mchangamfu, hilo nalikubali, tangu tumboni alikuwa akinipiga teke nikila. Lakini nikimpa kitu cha kufungua na kufunga alikuwa anakaa nacho. Kile kitasa kibovu cha kabati alikaa nacho asubuhi nzima. Au nakumbuka ninavyotaka kukumbuka?

Kama kuondoka kwangu ndiko kulikomharibu, sema. Nikijua nitafunga begi.

Na swali langu la Machi umelipita kama hukuliona. Yupo darasa gani?

Mdogo wako

20 Julai

Mdogo wangu,

Pole kwa msiba wa bibi wa watu. Sisi tuko salama. Baba vipele kapata, na hataki kusikia habari ya nani alisema.

Kumpiga, nilimpiga kofi moja mwezi Aprili, alipomwagia kuku wa jirani rangi ya viatu. Moja. Nikajuta kuliko alivyolia. Analala kama gogo. Anakula akizunguka meza. Wewe anakutaja kila siku, tena anakutaja vizuri, anasema mama yangu anawaogesha wazee na wao hawalii.

Tulikwenda kliniki tarehe kumi na nne. Mle chumbani alifungua droo tatu za meza ya daktari, akapanda mizani, akashuka, akapanda tena kuona kama ameongezeka. Daktari hakumkemea. Alimwacha, akawa anaandika na kuniuliza. Kisha akasema kuna hali ambayo mtoto anazaliwa nayo, akili yake inashindwa kutulia juu ya kitu kimoja, na mwili nao unashindwa kutulia mahali pamoja. Si utundu, akasema, wala si malezi mabaya. Akasema ipo kweli, na mtoto aliye nayo akisaidiwa mapema anaokoka na mengi. Lakini kwa wadogo hivi ni rahisi kukosea, kwa hiyo anaangalia sana umri.

"Angekuwa na miaka minne," akaniambia, "ningekufundisha tu namna ya kumwongoza nyumbani, tukasubiri akue. Lakini kadi inasema Novemba anatimiza sita."

Kwa hiyo amepanga hivi. Tarehe kumi na nne Novemba, siku yake ya kuzaliwa, aanze vidonge, kimoja kila asubuhi. Na muhula mpya ahamie darasa maalumu, lile la upande wa pili wa mji, magari mawili kwenda na mawili kurudi. Anataka saini ya mzazi, ya mlezi haikubali. Fomu ndiyo hiyo nimeikunja humu. Isome, saini, irudishe.

Darasa uliloniuliza ni la kawaida tu, la watoto wa awali.

Dada yako

19 Agosti

Dada,

Shikamoo. Baba mpe pole ya vipele, usiseme ni mimi.

Fomu hii hapa. Nimeisoma yote, mbele na nyuma, kila mstari. Nimesaini.

Nisikufiche, niliposoma yale maneno ya daktari nilikaa chini kwenye chumba cha mashuka nikalia kwa nafuu. Kama amezaliwa nayo, basi si mimi. Si kwa sababu nilipanda gari akiwa bado ameshika mkanda wa begi langu, nawe ukamfumbua vidole kimoja kimoja. Miezi yote hii nimekuwa nikiviona vile vidole. Sasa nina jina la kukitaja hiki kitu, na jina hilo si langu.

Mwambie daktari namshukuru. Vidonge ampe.

Sina zaidi. Zamu inaanza.

Mdogo wako

3 Oktoba

Mdogo wangu,

Salamu nazifupisha, unisamehe. Baba mzima, nyumba ipo, mimi sina hali.

Ningekupigia, lakini nikisikia sauti yako nitaacha kusema. Kwa hiyo soma umekaa.

Daktari alinipa kazi ya kupanga zile fomu za shule zote. Jumamosi, kliniki ilipofungwa mchana, nilizitandaza sakafuni masjala, mia tatu na kumi na mbili. Waliopata alama nyingi walikuwa arobaini. Kwanza nikawagawa wavulana na wasichana. Wavulana ishirini na tisa. Wasichana kumi na mmoja tu, na hao karibu wote ni wale wapiga kelele. Nje ya hao arobaini kulikuwa na fomu ya msichana mmoja ambayo mama yake aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Anapotea akiwa amekaa." Mwalimu hakumwekea alama hata moja, maana hasumbui mtu. Halafu nikawapanga kwa wanaishi na nani na wapi. Wanaokaa chumba kimoja na ukoo mzima, wanaolelewa na bibi na shangazi, hao walijaa. Mwisho nikawapanga kwa mwezi wa kuzaliwa, kwa kuwa tarehe ndiyo kazi yangu, naipenda. Na hapo nikaona. Zaidi ya nusu ya wale arobaini walikuwa watoto wa mwisho kwa umri, waliotimiza mitano juzijuzi wakaingia darasa moja na waliokwisha kutimiza zamani.

Daktari akaingia na chai yake, akasimama juu ya makaratasi yangu. Akasema, "Unaona? Mwalimu anampima mtoto kwa mwenzake wa benchi. Umri huu mwaka mmoja ni sehemu ya tano ya maisha ya mtoto." Akagusa kwa kiatu rundo la wanaolelewa na bibi, akasema humu wapo wenye shida kweli, maisha yamewabana, na wapo ambao sisi ndio tunawakazia macho tu, na kuwatenganisha ndiyo kazi yenyewe. Kisha akasema, "Hata wako ni wa Novemba, yumo kwenye rundo la wadogo. Nitamtazama tena kabla ya vidonge."

Nikasema ndiyo, daktari.

Mdogo wangu, Cherehani hayumo hata kwenye rundo la wadogo. Hayumo kabisa kwenye sakafu ile.

Wewe unajua ana miaka mingapi. Kadi yake ya kliniki niliiandika mimi upya. Januari, siku mbili baada ya jirani kuhama, nilikaa kwenye meza yangu, nikachukua kadi tupu kutoka boksi, nikanakili chanjo zake zote, uzito wake wote, vizuri, bila kosa. Kwenye mwaka wa kuzaliwa nikaandika mwaka wa nyuma yake. Nikagonga mhuri. Ilinichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Shule walitaka kadi, nikawapa kadi. Kisha nikamfundisha siku mbili: ukiulizwa, sema mitano. Akashika upesi, yeye ambaye wanasema hawezi kushika kitu.

Nilijiambia ni mwaka mmoja tu, atawafikia. Halafu mwalimu akaniita, nikajiambia atazoea. Halafu daktari akasema "angekuwa na miaka minne", na minne alikuwa nayo, amekaa pale pale juu ya mizani, nami mdomo wangu ukakataa kufunguka. Nikisema, kadi ya uongo ina mhuri wa kliniki na mwandiko wangu. Naweza kufukuzwa. Na yeye atatolewa shule, atarudi nyumbani mchana, hakuna wa kumshika, na wewe utafunga begi. Hayo yote niliyapiga hesabu nikiwa nimemshikia viatu.

Fomu uliyosaini ilifika tarehe tisa Septemba. Sijaipeleka. Ipo kwenye droo yangu, chini ya kitambaa cha kufutia vumbi. Daktari ameiulizia mara mbili nikamwambia posta inachelewa. Kadi ya kweli nayo ninayo.

Tarehe kumi na nne Novemba inakuja. Niambie nifanye nini. Ukinitukana ni haki yako, lakini nijibu upesi.

Dada yako

25 Oktoba

Dada,

Sikuamkii leo. Hasira zikiisha nitakuamkia.

Barua yako imefika jana. Nimeisoma nimesimama, ingawa uliniambia nikae. Mwanangu wa miaka minne ulimweka kwenye benchi na watoto wa miaka sita, ukakaa unamsikiliza akisemwa, na kila jioni unamvua hiyo kaptula iliyompita magoti, na husemi. Uliniacha nijiulize kama mimi ndiye niliyemharibu. Miezi minne, Dada. Nimekwangua masufuria ya watu na swali hilo miezi minne, na jibu lilikuwa kwenye droo yako.

Nimeandika hayo asubuhi. Sasa ni mchana, na nimerudi kwenye karatasi hii kwa sababu kuna lingine, na nisipoliandika leo sitaliandika.

Nilijua.

Machi niliposikia ile sauti ya kukariri, nilihisi. Nilikuuliza, hukujibu, nikakuuliza tena nikijua hutajibu. Nilitaka usijibu. Halafu fomu ikaja. Mstari wa tatu, tarehe ya kuzaliwa, kwa mwandiko wako mzuri. Mimi ndiye niliyemzaa, unadhani sijui mwaka? Niliutazama ule mwaka mpaka tarakimu zikacheza. Nikajua daktari anapanga vidonge kwa mtoto ambaye hayupo. Na nikasaini.

Kwa nini? Kwa sababu wiki ile ile nilisaini karatasi mbili. Moja yako. Nyingine ya mwajiri, ya kubaki hapa miaka miwili zaidi. Ningesema mwaka si huo, shule wangemtoa, ungeniambia rudi, na mimi sikutaka kurudi, Dada. Nimeandika. Nampenda mwanangu na sikutaka kurudi. Hapa kuna watu kumi na sita wananihitaji na hakuna hata mmoja ananishika mkanda wa begi. Na nilitaka awe na ule ugonjwa. Mama gani anatamani hivyo? Nilitamani, kwa kuwa ungekuwa wake wa kuzaliwa nao, na mimi ningekuwa huru.

Mkaguzi jana alinishika mkono badala ya kitasa. Akauliza, "Hapa ndipo?" Nikamwambia ndipo. Akaniachia akaendelea.

Chana ile fomu. Nenda kwa daktari na kadi zote mbili. Kama wanataka wa kumlaumu, sema mama yake alijua, na barua hii uwape waisome. Usisubiri simu yangu. Nenda kabla ya kumi na nne.

Mdogo wako

16 Novemba

Mdogo wangu,

Baba anakusalimu, soksi amezifua mwenyewe kwa mara ya kwanza. Barua yako ilifika jana, tarehe kumi na tano. Nimekuandikia hii leo ili ujue kwamba sikukungoja. Nilikwenda tarehe kumi na mbili.

Nilibisha mlango wa daktari kabla ya wagonjwa. Nikaweka kadi mbili mezani, ubavu kwa ubavu. Alizitazama, akachukua ya uongo akaipeleka dirishani. Akasema, "Mwandiko mzuri." Kisha akaniuliza kama nilikuwa nangoja ampe mtoto kidonge ndipo niseme. Nikalia pale pale mbele yake, mtu mzima, na wagonjwa wanasikia nje.

Sikufukuzwa. Nimepewa barua ya onyo na nimetolewa masjala. Kuanzia Jumatatu nipo stoo ya mashuka, nahesabu mashuka, kwa hiyo sasa mimi na wewe tuna kazi moja. Tarehe sitagusa tena. Inaniuma kuliko nilivyodhani, ile meza nilikaa miaka kumi na moja.

Shule wamemtoa. Mwalimu wake aliposikia alijishika kichwa, akasema, "Minne? Jamani, nilimkalisha kona." Akamkumbatia, naye akajinasua kuwahi bomba. Januari anaanza upya na wenzake wa umri wake. Vidonge hakuna. Lakini usije ukasema ameshapona, daktari amenionya. Amesema inawezekana kweli anayo ile hali, inawezekana hana, na hakuna anayeweza kujua kwa mtoto aliyepimwa kwa benchi lisilo lake. Ananifundisha kumpa neno moja kwa wakati, kazi fupi, na kumsifu akimaliza. Nusu mwaka baada ya kuanza upya atamtazama tena. Kwa sasa bado hatulii. Nakwambia ukweli kwa sababu tumechoka na ule mwingine.

Mchana anashikwa na Baba. Mwenyewe ndiye aliyejitolea. Wanakwenda mpaka kona na kurudi, mmoja na fimbo, mwingine anazunguka fimbo. Baba anasema hajawahi kuelewana na mtu hivi: mmoja hawezi kukaa, mwingine hawezi kusimama. Amempa kile kitasa kibovu cha kabati, na wewe hukukumbuka vibaya. Anakaa nacho.

Barua yako sikumpa daktari. Nimeichoma jikoni, pamoja na fomu. Uliyoyaandika ni yako na mimi tu. Siwezi kukuhukumu, maana vile vidole nilivifumbua mimi, na nilikuwa na haraka. Ya miaka miwili sina la kusema. Mweleze wewe mwenyewe Jumapili, kwa maneno mafupi, na usimdanganye hesabu. Nitatoka nje nikuachieni simu.

Asubuhi ya tarehe kumi na nne nilimwamsha mimi. Nikamwambia, "Leo umetimiza miaka mitano." Akainuka akakaa kitandani. Miguu ilikuwa inaning'inia na haikuwa inapiga. Alinitazama, mdogo wangu, muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu chochote. Kisha akauliza, "Tena?"

Dada yako